Uzi maalumu wa Mercedes-Benz E-Class W211: hitilafu zinazoulizwa sana na namna ya kuzipima kabla ya kununua spea

Mleta mada:

Wakuu, habari zenu. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wamiliki wa Mercedes-Benz E-Class W211, ile yenye taa nne za mbele zenye umbo la yai, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Maswali kuhusu gari hili yanafanana sana, na kinachonisikitisha ni kwamba majibu yanayotolewa mara nyingi humpeleka mwenye gari moja kwa moja kwenye kununua kifaa kikubwa kabla ya chochote kupimwa. Gari hili lina kompyuta nyingi zinazopeana taarifa muda wote. Kwa hiyo maandishi yanayotokea kwenye dashibodi yanataja mahali athari ilipoonekana, na chanzo chenyewe kinaweza kuwa mbali na hapo: kwenye betri, kwenye soketi iliyoingia oili, au kwenye mfereji wa maji ulioziba majani. Naomba tuyajadili yote kwa mtazamo huo.

Nianze na umeme, kwa sababu bila kuuhakikisha huo vipimo vingine vyote vinaweza kudanganya. Betri kubwa ya W211 iko kwenye buti, chini ya sakafu, pembeni mwa nafasi ya tairi la akiba. Matoleo yaliyotoka kabla ya maboresho ya 2006 yana pia betri ndogo ya pili chini ya boneti, ambayo kazi yake ni kuhakikisha mfumo wa breki haukosi umeme. Betri kubwa iliyotulia usiku mzima inatakiwa isome takribani volti 12.5 hadi 12.7, na injini ikishawaka usomaji upande hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa betri imechoka, gari linaweza kuonyesha ujumbe wa breki, wa ESP (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze), wa mifuko ya hewa inayobeba gari na wa usukani kwa wakati mmoja, na mwenye gari akadhani kila kitu kimeharibika siku moja. Betri ndogo husahaulika zaidi, ingawa nayo huzeeka vilevile. Ukibadilisha betri kubwa, hakikisha bomba dogo la kutolea gesi limerudishwa mahali pake, kwa kuwa betri iko ndani ya gari na gesi yake lazima ipelekwe nje. Baada ya kurudisha umeme, taa ya ESP inaweza kubaki inawaka. Washa injini, kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, na kwa kawaida itazima.

Sasa breki, na hapa naomba tusikimbie.

Magari ya W211 ya kuanzia 2002 hadi maboresho ya 2006 yana mfumo unaoitwa Sensotronic Brake Control, maarufu kwa kifupi cha SBC. Katika breki za kawaida, nguvu ya mguu wako ndiyo inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Katika SBC, pedali hutuma taarifa kwenye kompyuta, na pampu ya umeme yenye hifadhi ya mgandamizo ndiyo inayosukuma mafuta kwa kila gurudumu peke yake. Mfumo ukishindwa kabisa, mguu wako unabaki na uwezo wa kusukuma mafuta kwenye magurudumu mawili ya mbele tu, pedali inazama sana, na umbali wa kusimama unakuwa mrefu. Mwaka 2004 kampuni iliita magari takribani 680,000 yarudi kukaguliwa kwa sababu ya mfumo huu, na mwaka 2005 ikaita tena takribani milioni 1.3 kwa masuala yaliyojumuisha breki hizo pamoja na alteneta na betri. Toleo lililoboreshwa la 2006 lilirudi kwenye breki za kawaida.

Pampu ya SBC ina hesabu ya ndani inayorekodi idadi ya mara ambazo breki imetumika, na ikikaribia kikomo chake, takribani mara 300,000, dashibodi huandika kwamba gari lipelekwe karakana kwa huduma ya breki. Hapa ndipo penye ushauri mbaya unaosambaa. Wapo wanaofuta hesabu hiyo kwa kompyuta ili ujumbe upotee, kisha wanamwambia mwenye gari kwamba kazi imekwisha. Hesabu ile iliwekwa kwa sababu mota ya pampu huchakaa kwa matumizi. Ukifuta namba, mota inabaki ileile yenye umri uleule. Msimamo wangu ni kwamba ujumbe huo ukitokea, na betri zote mbili zikawa zimepimwa na ziko sawa, gari lisiendeshwe kwa safari za kawaida mpaka pampu ishughulikiwe.

Jambo la pili kuhusu SBC linahusu vidole vya fundi. Mfumo huu huamka wenyewe: ukifungua mlango, ukibonyeza rimoti au ukigusa pedali, pampu inajenga mgandamizo na pistoni za breki zinaweza kufunga kwa nguvu kubwa ghafla. Fundi anayebadilisha pedi bila kuuzima kwanza kwa mashine ya uchunguzi, huku mtu mwingine akifungua mlango kuchukua simu yake, anaweza kupoteza vidole. Mwulize fundi wako swali hili kabla hajafungua gurudumu, na kama hajui unachozungumzia, tafuta mwingine. Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4 Plus, yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kutoa hewa kwenye SBC kufanyike kwa mashine.

Karibuni kwa maswali. Tafadhali taja injini, mwaka na umbali gari lilikotembea, kwa kuwa W211 ya E 200 na ile ya E 350 zinatofautiana sana matatizo yake.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, ahsante kwa somo. Mimi nina E 240 ya 2004 yenye giaboksi ya otomatiki ya gia tano. Nikiwa barabarani hukwama gia ya pili na haibadilishi tena, lakini nikizima na kuwasha linakuwa salama kwa muda. Nimeshauriwa ninunue giaboksi nzima. Je, ni kweli imekufa?

Mleta mada:

Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Unachokieleza ni hali ya kujilinda: kompyuta ya giaboksi imepoteza taarifa inayoihitaji, ikajifungia kwenye gia ya pili ili ufike salama. Giaboksi ambayo sahani zake za msuguano zimekwisha hairudi kuwa nzima kwa kuzima na kuwasha tu.

Giaboksi yako ni ya aina ya 722.6. Ina soketi ya mviringo yenye pini 13 inayoingia kwenye kasha la giaboksi, na mipira ya kuzuia oili kwenye soketi hiyo huzeeka. Oili ikishapenya, hupanda polepole ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusomewa kodi za hitilafu, ya pili ni kuchomoa plagi ya kompyuta hiyo na kuangalia kama kuna oili kwenye pini. Ukiikuta, safisha kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme na ubadilishe soketi, ambayo ni kipande kidogo cha plastiki na mipira yake miwili. Kama kodi zinataja sensa za kasi, basi kinachohusika ni bamba la umeme lililo ndani ya giaboksi, lililobeba sensa hizo. Linabadilishwa kwa kushusha sampo (bakuli la oili la chini) na valvu bodi (kifaa kinachoongoza oili ndani ya giaboksi), bila kuishusha giaboksi. Wenye giaboksi ya gia saba, 722.9, wajue kwamba bamba lao limeungana na kompyuta yenyewe na linahitaji kuprogramiwa kwenye gari, kwa hiyo la kuchomoa kwenye gari jingine halifanyi kazi kwa kulifunga tu.

Kuhusu oili ya giaboksi, wapo wanaoamini kwamba haibadilishwi maisha yote ya gari. Mimi nashauri kila kilomita 60,000, pamoja na filta, kwa oili yenye idhini ya MB 236.14. Kipimo cha ujazo kinategemea joto. Kwenye 722.6 husomwa oili ikiwa na nyuzi 80 za Selsiasi kwa kijiti maalumu cha fundi, kwa kuwa gari halikuja na kijiti chake, kwenye 722.9 husomwa kwa kutiririka kwenye tundu la sampo oili ikiwa na nyuzi 45. Giaboksi nyingi zilizojazwa kwa kukisia huanza kusumbua wiki hiyohiyo, kisha lawama zinaenda kwa oili mpya.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuongezea hapo kwenye giaboksi, kwa kuwa nimekaa gereji muda mrefu. Kwa magari ya mwanzo, hasa ya 2002 na 2003, rejeta iangaliwe mapema. Kipozeo cha oili ya giaboksi kiko ndani ya rejeta, na baadhi ya rejeta za miaka hiyo zilipasuka kwa ndani, kulanti (maji ya kupozea injini) ikachanganyika na oili. Dalili ni mtetemo unaosikika kama unapita juu ya matuta madogomadogo ya barabarani, hasa ukiwa kwenye mwendo wa wastani na mguu mwepesi kwenye mafuta. Wengi hukimbilia kusawazisha matairi.

Mleta mada:

Nakushukuru sana fundi, hilo ni la msingi. Niongeze tu kwamba vipo vipimo vya kemikali vinavyoonyesha kama kuna glaikoli (kemikali iliyo kwenye kulanti) kwenye oili ya giaboksi, na ni busara kupima kabla ya kuhukumu. Ikithibitika, kubadilisha oili mara moja hakutoshi, kwa kuwa sahani za msuguano hunyonya glaikoli hiyo. Rejeta inabadilishwa kwanza, giaboksi inasafishwa kwa oili zaidi ya mara moja, na mara nyingi tokikonvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, nayo inabadilishwa.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu heshima kwenu. E 350 ya 2005. Taa ya injini inawaka, na linapowashwa asubuhi husikika mgongano kidogo. Fundi mmoja anasema sensa, mwingine anasema injini lazima ishushwe. Nimsikilize nani?

Mleta mada:

Mkuu, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kinachoamua ni namba ya injini yako na kodi alizozisoma fundi.

Injini yako ni M272. Ndani yake kuna shafti ya kusawazisha mtetemo, na gia ya shafti hiyo kwenye injini za mwanzo ilitengenezwa kwa chuma kisichohimili, meno yake yakawa yanalika. Meno yakilika, cheni inalegea na kamshafti (shafti zinazofungua valvu) zinachelewa kuliko kompyuta inavyotarajia. Injini zinazohusika ni zile ambazo tarakimu sita za mwisho za namba yake hazizidi 468993. Kwa ndugu yake wa silinda nane, M273, tatizo lilikuwa kwenye gia nyingine ya kuongozea cheni, na mpaka wake ni 088611.

Ukipata kodi za kuchelewa kwa kamshafti, kama P0016 na P0017, usikubali injini ishushwe siku hiyohiyo. Sumaku za kurekebisha kamshafti, ambazo ziko mbele ya injini na hufungwa kwa skrubu chache, huleta kodi zinazofanana, na ni nafuu mno. Hizo sumaku pia huvuja oili kwenye plagi zake, nayo husafiri ndani ya waya. Kwa hiyo chomoa plagi uangalie. Ili kutofautisha, fundi anatoa sensa za kamshafti, anageuza kirenki (shafti kuu ya injini) mpaka alama ya nyuzi 305 kwenye puli, kisha anachungulia kwenye matundu ya sensa: alama za magurudumu ya kamshafti za upande wa kuingizia hewa zinatakiwa zionekane katikati ya tundu. Zikiwa zimesogea pande zote mbili za injini kwa kiasi kinachofanana, gia ya shafti imelika. Zikiwa sawa, rudi kwenye sumaku, sensa na waya.

Nikuambie ukweli kwamba ikithibitika ni gia, kazi ni kubwa na haina njia ya mkato. Baadhi ya watu huiahirisha kwa kufuta kodi kila wiki. Chembe za chuma zinazotoka kwenye yale meno zinazunguka na oili muda wote huo.

Wenye E 200 Kompressor, injini yenu ni M271, na mgongano wa asubuhi kwenu humaanisha zaidi cheni ya taimingi iliyorefuka na gia za kamshafti zilizochakaa. Msiupuuze, kwa kuwa cheni ikiruka, valvu zinagonga pistoni. Oili ya injini iwe yenye idhini ya MB 229.5: M271 hubeba takribani lita 5.5, M272 takribani lita 8. Anayewajazia E 350 lita 5 kwa mazoea anaiua injini taratibu.

Mchangiaji wa nne:

Mtaalamu, mimi ni mama ninayeendesha E 320 CDI ya 2006. Kuna oili inadondoka kati ya injini na giaboksi. Nimeambiwa ni sili ya nyuma ya kirenki na giaboksi lazima ishushwe. Pia ndani kuna harufu ya dizeli.

Mleta mada:

Shikamoo mama. Hayo ni mambo mawili, na yote mawili ni maarufu kwenye dizeli hizi.

Injini yako ya V6, OM642, ina kipozeo cha oili kilicholala katikati ya V, chini ya mabomba ya kuingizia hewa na turbo. Sili zake za mwanzo, zenye rangi ya chungwa, hukauka kwa joto. Oili hujaa bondeni, hutiririka kuelekea nyuma, na kushukia kwenye kasha la giaboksi, mahali palepale ambapo sili ya kirenki ingevujia. Mwombe fundi amulike kwa juu, nyuma ya injini, na kama bonde lina oili, sili ya kirenki haihusiki. Sili zilizoboreshwa ni za zambarau na zinahimili joto zaidi. Kazi ni ndefu, kwa kuwa vitu vingi vya juu lazima vitolewe, lakini giaboksi haiguswi. Wakati vimetolewa, aangalie pia mota ya vipepeo vya hewa iliyo karibu, kwa kuwa oili inayotoka kwenye mpira wa mdomo wa turbo huidondokea na kuiua.

Kuhusu harufu, fungua kifuniko cha plastiki cha injini. Ukiona masizi meusi magumu kama lami yamezunguka nozeli yoyote, washa ya shaba iliyo chini yake imeacha kuziba, na gesi ya silinda inapanda. Injini ikiwa baridi husikika mlio wa kupuliza. Nozeli hutolewa, mahali inapokalia husafishwa mpaka chuma king'ae, kisha washa mpya na bolti mpya hufungwa. Bolti ya zamani isirudishwe, kwa kuwa imeshavutika na kurefuka. Ukichelewa, masizi hushika nozeli na kuitoa kunakuwa kazi ya siku nzima.

Mchangiaji wa tano:

Naomba kuuliza kuhusu AIRMATIC, ile mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi. Gari langu hulala upande mmoja wa mbele usiku. Kuna anayetaka kuniwekea springi za kawaida pande zote.

Mleta mada:

Pima kwanza. Gari lililosimama usiku kucha na kushuka lina uvujaji. Paka maji ya sabuni kwenye mfuko wa hewa na kwenye kiungio cha bomba juu ya shokapu. Mara nyingi mfuko umechanika kwenye mkunjo. Kompresa haina kosa mpaka hapo, ila ukiendelea kuendesha hivyo itafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Anayebadilisha kompresa na kuuacha uvujaji atainunua tena. Kompresa mpya ifungwe pamoja na rilei mpya, kwa kuwa rilei ya zamani ikigandana huiacha kompresa ikizunguka bila kuzima.

Springi zinafungika na gari linatembea. Mimi sizipendi, kwa sababu kompyuta inabaki inatafuta mfumo usiokuwepo, na ule utulivu uliokufanya ununue gari hili unapotea. Kwa vyovyote, mtu asiingie chini ya gari lenye mifuko ya hewa kwa kutegemea jeki peke yake.

Mchangiaji wa sita:

Mkuu, ninataka kununua W211 ya 2005 wiki ijayo. Niangalie nini?

Mleta mada:

Nenda asubuhi, gari likiwa limelala, na mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Tazama kwanza limesimamaje pande zote nne, ndipo uliwashe na kusikiliza sekunde za mwanzo. Inua sakafu ya buti na uguse chini: unyevu hapo hutoka kwenye sili za taa za nyuma au mifereji ya paa la kufunguka, na huharibu sanduku la umeme la nyuma, ambalo likianza kuchanganyikiwa huleta hitilafu zisizo na mpangilio. Chini ya kioo cha mbele napo mifereji iwe wazi, kwa sababu hiyohiyo.

Endesha mpaka lipate joto kamili, lizime, kisha liwashe tena baada ya dakika chache. Likigoma likiwa la moto na kukubali likipoa, sensa ya kirenki inashukiwa. Ukiwa umesimama kwenye D na mguu kwenye breki, mtetemo unaokufikia kwenye kiti ni maunti za injini zilizochoka. Kwenye barabara mbovu kidogo sikiliza kugonga kwa bolijointi na bushi za mikono ya chini mbele, na kagua matairi kwa upande wa ndani, ambako huliwa bila kuonekana.

Mwisho, lipia usomaji wa kompyuta zote, usikubali wa injini peke yake, na uombe hesabu ya SBC isomwe na iandikwe kwenye karatasi. Linganisha namba hiyo na kilomita za dashibodi: gari lenye kilomita nyingi na hesabu ndogo isiyo ya kawaida limebadilishwa pampu au limefutwa hesabu, na muuzaji anatakiwa akuonyeshe risiti ya pampu. Asipokuwa nayo, weka gharama ya pampu kwenye bei unayojadiliana.